Nani Aliyeufungua Mlango wa Babeli?

MTETEZI WA HEKALU: Kabla ya yote napenda tukubaliane juu ya jambo moja, nalo ni kwamba mji wa Babeli, ule ambao mfalme Nebukadneza aliuzungushia kuta zilizowastaajabisha hata Wayunani, haukuvunjwa na mtu mwezi wa Oktoba mwaka 539 K.K. Jeshi la Koreshi Mwajemi liliingia pasipo vita. Herodotus anayo hadithi yake, kwamba mto Frati uligeuzwa mkondo hata askari wakavuka maji yakiwafika mapajani, lakini vibao vya Babeli vyenyewe havina habari ya mto huo kugeuzwa, nami nafuata vibao. Mji wenye kuta kama zile ukiingiwa pasipo vita, basi ni mji uliokwisha kumkana mfalme wake. Na sababu ya kumkana si siri. Kazi ya kwanza ya mfalme wa Babeli, kabla ya vita na kabla ya kodi, ilikuwa kuhudhuria sikukuu ya Mwaka Mpya, iitwayo Akitu, katika mwezi wa Nisani. Siku ya tano kuhani mkuu humvua mfalme taji na fimbo yake, humpiga kofi la shavu, humvuta masikio na kumpigisha magoti mbele ya Marduk, mungu wa mji, naye mfalme hukiri kwa kinywa chake kwamba hakuudhulumu mji wala hakuwadhalilisha watu wake. Kisha hurudishiwa alama za ufalme na kupigwa kofi la pili, na machozi yakimtoka huwa ni dalili kuwa mungu yu radhi. Nabonidus, aliyetawala tangu mwaka 556 hata mwaka 539 K.K., aliondoka akaenda kukaa Tema, katika nyika ya Uarabuni, muda wa miaka 10. Muda wote huo hapakuwa na kofi wala machozi. Marduk hakutoka hekaluni kwake, wala mungu Nabu hakuletwa kutoka Borsippa kuja kumwamkia baba yake. Mfalme asiyekubali kupigwa kofi mara moja kwa mwaka, watu wake wamjueje kuwa ni mfalme wao?

MTETEZI WA MFALME: Ndugu yangu ameanza na shahidi, nami napenda kwanza nimuulize shahidi huyo anakula nyumbani kwa nani. Habari zote mbaya za Nabonidus zatoka katika maandishi matatu: kibao cha matukio ya miaka ya utawala wake, kile kipipa cha udongo alichokifukua Hormuzd Rassam katika magofu ya Babeli mwaka 1879, na ule utenzi wa kashfa unaomfanya mfalme kuwa mwehu na mzushi. Kipipa kimeandikwa kwa jina la Koreshi. Utenzi umetungwa kumsifu Koreshi. Kibao cha matukio, ambacho ndicho chenye utulivu kuliko vyote, tunacho katika nakala iliyoandikwa baada ya dola kuanguka. Basi mbele ya kadhi gani mtu aliyeshindwa huhukumiwa kwa maneno ya aliyemshinda, na tena kwa maneno hayo peke yake? Kuhusu Tema, mwenzangu amesema nyika, kama kwamba mfalme alikwenda kukaa na mbuni na swala. Katika nguzo zake za Harani Nabonidus ataja miji aliyoishika huko, nayo ni Tema, Dedani, Fadaki, Khaibari, Yadihu, hata akafika Yathribu, mji huo huo ambao zaidi ya miaka 1,100 baadaye Mtume Muhammad aliuhamia kutoka Makka. Mwenye kuijua ramani ataona kwamba orodha hiyo ni ya vituo vya misafara ya ngamia, na aliyeishika alikuwa ameishika njia ya ubani, manemane na dhahabu kutoka kusini mwa Uarabuni. Upande wa mashariki Koreshi alikuwa akiwameza Wamedi, na kaskazini akielekea Lidia. Mfalme mwenye akili hutafuta mali na marafiki upande uliobaki wazi. Wala Babeli hakuiacha yatima, kwa kuwa alimwachia mwanawe Belshaza jeshi na madaraka.

MTETEZI WA HEKALU: Kama ni biashara, jemadari mmoja na kikosi cha farasi wangalitosha, na mfalme angalirudi kila Nisani akapigwa kofi lake akaondoka tena. Miaka 10 si safari ya biashara. Na kwa kuwa mwenzangu hapendi mashahidi wa Koreshi, basi nitamletea Nabonidus mwenyewe. Nguzo hizo za Harani alizozitaja kwa furaha zilionekana mwaka 1956 katika magofu ya Msikiti Mkuu wa Harani, zikiwa zimelazwa kifudifudi, watu wakizikanyaga kwa karne nyingi wakienda kusali pasipo kujua kilichoandikwa chini yake. Tuzisome basi. Mfalme asema kwamba mungu Sin, mungu wa mwezi, ndiye aliyemwita kwenye ufalme. Kwamba watu wa Babeli, Borsippa, Nipuri, Uru, Uruku na Larsa walimkosea mungu huyo, wakaasi na kulana kama mbwa, wakapatwa na maradhi na njaa. Na kwamba kwa sababu hiyo yeye aliutoroka mji wake akashika njia ya Tema. Ni kauli yake, wala hakuna Mwajemi aliyemshika mkono alipoiandika. Basi njia ya ubani haimo katika sababu alizozitoa mwenyewe. Alikuwa na ugomvi na raia zake juu ya nani mkubwa kati ya miungu, naye katika ugomvi huo alimweka Sin mahali pa Marduk, katika mji uliojengwa kwa jina la Marduk.

MTETEZI WA MFALME: Hapo ameligusa jambo la kweli, nami sitalikimbia. Lakini mtu hahukumiwi kabla ya kujulikana alikotoka. Mama yake, Adad-guppi, alikuwa mcha Mungu wa Harani, mji wa mwezi tangu zama ambazo hata wenyewe hawakuzijua mwanzo wake. Mwaka 610 K.K., dola ya Ashuru ilipokuwa ikitoa roho, majeshi ya Wababeli na Wamedi yaliiingia Harani, na hekalu la Sin likawa magofu. Mama huyu aliishi zaidi ya miaka 100. Maandishi yaliyowekwa kwa jina lake yasimulia kwamba aliacha nguo nzuri na mapambo na manukato, akavaa nguo iliyochakaa, akakaa akimwomba mungu wake arudi nyumbani, mpaka mwanawe, ambaye hakuwa wa ukoo wa kifalme, alipokalia kiti baada ya kijana Labashi-Marduk kuuawa katika njama. Je, mwana wa mama kama huyo alipolijenga upya hekalu la Harani alileta dini mpya? Alirudisha ya kale, na kurudisha ya kale ndiko kulikokuwa tabia yake yote. Kule Sippar alichimba dhiraa 18 kwenda chini kutafuta msingi wa hekalu la mungu jua, akalipata jiwe la mfalme wa kale Naram-Sin, akatangaza kuwa halikuonekana na mfalme yeyote kwa miaka 3,200. Hesabu yake ilizidi, kwa maana wataalamu wa leo wapata nusu yake na kidogo. Lakini ni mfalme yupi mwingine wa zama zile aliyejishughulisha na hesabu kama hiyo? Alipoikuta sanamu ya mfalme wa kale Sargoni kichwa kimevunjika, aliwaita mafundi wakaitengeneza, akairudisha mahali pake na kuiwekea sadaka, ingawa Sargoni hakuwa babu yake. Na mwezi ulipopatwa mwezi wa Septemba mwaka 554 K.K., naye akafasiri kwamba Sin anataka kuhani wa kike kule Uru, alitafuta katika kumbukumbu cheo hicho kilikuwaje kabla ya kupotea, akamweka binti yake kwa jina la En-nigaldi-Nanna.

MTETEZI WA HEKALU: Akamweka binti yake! Asikie kila mwenye sikio. Mwezi unapatwa, watabiri wa dola wapo, vitabu vya ishara vipo, na mfalme afasiri mwenyewe, na tafsiri yake yatua nyumbani kwake. Hapo ndipo kinyongo cha wanavyuoni wa Babeli kilipozaliwa. Hawakukataa Sin aabudiwe. Sin alikuwa na mahekalu yake tangu kale na wao hawakuyagusa. Walichokataa ni mfalme kujifanya mjuzi kuliko wajuzi. Utenzi ule, ambao mwenzangu auita wa kashfa, una kisa kimoja ambacho hata kama kimetiwa chumvi hakikosi nyama ndani yake. Mfalme aliingia Esagila, hekalu la Marduk, akaiona alama ya hilali, akasema mbele ya watu: hekalu hili ni la nani? Lingalikuwa la Marduk lingalikuwa na alama ya sepetu, ambayo ndiyo alama yake. Kwa kuwa lina hilali, ni dhahiri Sin mwenyewe ameitia mhuri nyumba yake. Fikirini mtu anaingia katika nyumba ambayo babu zenu waliihudumia miaka 1,000, atazama juu ya mlango, kisha awaambia kwamba kwa muda wote huo hamkujua mnamwabudu nani.

MTETEZI WA MFALME: Nami namwomba mwenzangu akimalize kisa hicho, kwa kuwa ameusoma utenzi vizuri na amekoma pale panapomfaa. Beti zifuatazo zasema kwamba mfalme aliposema hayo walikuwapo Zeriya, msimamizi mkuu wa Esagila, na Rimut, mkuu wa hesabu. Na wawili hao waliinama wakavua vilemba vyao, wakaapa kwamba sasa ndipo wamefahamu, baada ya mfalme kuwafahamisha. Haya, yuko wapi yule kuhani shujaa aliyesimama akampinga mzushi? Maadamu mfalme alikuwa na nguvu walikuwa wanafunzi wake; alipokuja mwenye nguvu zaidi wakakumbuka kuwa walikuwa wamedhulumiwa.

MFANYABIASHARA: Waheshimiwa, mimi nimesikiliza habari za hilali na sepetu mpaka nimechoka, na mtaniwia radhi nikiuliza nani alikuwa akiishika shayiri. Hekalu katika nchi ile lilikuwa na mashamba yasiyopimika kwa macho, mitende, makundi ya kondoo, watumwa waliotiwa chapa ya mungu, mashua katika mifereji, na maghala. Hekalu la Eanna la Uruku, nyumba ya mungu wa kike Ishtar, lilikuwa kama dola ndogo ndani ya dola. Mwaka wa kwanza wa Nabonidus sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikodishwa kwa mtu mmoja, pamoja na wakulima na ng'ombe wa kulima, kwa ahadi ya kuleta kiasi maalumu cha shayiri na tende kila mwaka. Na katika miaka michache iliyofuata ofisa wa mfalme aliwekwa ndani ya Eanna kusimamia, akakaa juu ya hesabu ambazo zamani zilikuwa za wakuu wa hekalu peke yao. Kama kuna mtu hapa aliyepata kuangaliwa vitabu vyake na mkaguzi wa serikali, huyo atafahamu uchungu wa makuhani bila ya kutaja jina la mungu hata mmoja. Nami sisemi hivi ili kumfurahisha mtetezi wa mfalme, kwa maana mfalme naye aliwatia mashambani madalali wa kukamua, na hao aliowakamua walikuwa wakulima. Yeye mwenyewe amekiri kuwa palikuwa na njaa. Aliiita adhabu ya Sin. Mimi ningalipenda kuona kwanza daftari la yule aliyekodi mashamba.

MTETEZI WA HEKALU: Bwana mfanyabiashara amesema kweli nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye watu. Mali ile ilikuwa mithili ya wakfu. Aliyeoka mkate wa Ishtar, aliyepika pombe ya Marduk, aliyechinja, aliyefuma mavazi ya sanamu, kila mmoja alikuwa na haki yake iliyoandikwa, aghalabu kwa kuhesabu siku. Mtu aliweza kurithi kutoka kwa baba yake haki ya kuoka mkate wa mungu kwa siku fulani za mwezi fulani, akaipokea sehemu yake ya mkate na nyama, akaiuza kwa mwenziwe au akamwachia mwanawe. Koo nzima za Babeli, Borsippa na Sippar ziliishi kwa haki hizo na kujivunia majina yao kwa ajili yake. Basi mfalme anapotia mkono wake katika wakfu, na papo hapo anaikatiza sikukuu kubwa kuliko zote, mwokaji mikate hahitaji kuwa mwanachuoni ili afahamu kwamba amevamiwa. Mkaguzi na hilali waliingia kwa mlango mmoja.

MTETEZI WA WAHAMISHWA: Nimewangoja wazee wangu wote watatu, na sasa naomba zamu. Mnagombana kuhusu nyumba, na mmesahau kuwa katika nyumba hiyo walikuwamo watu walioletwa kwa minyororo. Watu wa Yuda walichukuliwa mwaka 597 K.K., kisha tena mwaka 586 baada ya Yerusalemu kuchomwa na hekalu lake kubomolewa. Na miongoni mwa vibao vya ghala ya Nebukadneza vimo vinavyotaja mafuta aliyopimiwa Yekonia mfalme wa Yuda, na vipimo vidogo zaidi kwa wanawe watano. Mfalme mzima anangoja zamu yake ya mafuta ghalani! Kwa watu hao Marduk na Sin walikuwa sanamu mbili za mtesi mmoja. Koreshi alipoingia na kutoa ruhusa ya kurudi na kujenga, nabii Isaya amemwita mpakwa mafuta wa Bwana, heshima ambayo hakuna mgeni mwingine aliyepewa katika Maandiko. Na Nabonidus? Jina lake halimo katika Biblia kabisa. Kitabu cha Danieli chamjua Belshaza na karamu yake, na maandishi ya ukutani yaliyomtia tetemeko la magoti. Na chasimulia wazimu wa Nebukadneza, aliyekula majani kama ng'ombe muda wa nyakati saba. Lakini katika yale mapango ya Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, vipande vya ngozi vilivyoonekana baada ya vita kuu ya pili vyaeleza habari ya Nabonidus aliyepatwa na jipu baya kule Tema muda wa miaka saba, mpaka Myahudi mmoja akamwonyesha Mungu wa kweli. Wengi wa wataalamu hufikiri kwamba kisa cha wazimu kilikuwa chake tangu awali, kikahamia kwa Nebukadneza kwa kuwa jina la Nebukadneza lilikuwa kubwa zaidi. Mfalme alikaa jangwani miaka 10, na hata wazimu wake hakuachiwa.

MTETEZI WA MFALME: Namshukuru mwenzetu, na heshima ya Maandiko haipungui kwa swali nitakalouliza. Kipipa cha Koreshi hakitaji Yuda wala Yerusalemu. Chataja miji ya ng'ambo ya Hidekeli, na miungu iliyorudishwa huko, nacho chasema kwamba Marduk alizunguka nchi zote akitafuta mfalme mwadilifu akamshika Koreshi mkono. Kitabu cha Ezra nacho chamnukuu Koreshi akisema kwamba Bwana, Mungu wa mbinguni, ndiye aliyempa falme zote za dunia. Sasa, kwa makuhani wa Babeli alikuwa mteule wa Marduk, na kwa wazee wa Yuda alikuwa mteule wa Bwana. Mtu huyo aliamini lipi? Nabonidus alikuwa na mungu mmoja mkubwa na akawaambia raia zake wote neno moja, likawachukiza. Yule mwingine alimwambia kila mtu neno alilotaka kulisikia, naye akaitwa mwadilifu. Sisemi kwamba hiyo si hekima ya kutawala. Nasema tu kwamba mtu asiniambie ni dini iliyoshinda siku ile.

MTETEZI WA HEKALU: Walisema wahenga, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kibao cha matukio chasema kuwa askari wa Gutium wenye ngao waliizunguka Esagila, na hata hivyo hakuna ibada iliyokatizwa wala saa iliyopita bila ya kuadhimishwa. Ugbaru, liwali wa Gutium, aliingia na jeshi la Koreshi siku ya 16 ya mwezi wa Tashritu. Koreshi mwenyewe aliingia mwanzo wa mwezi uliofuata, na njia ilitandikwa matawi mabichi mbele yake. Tangu mwezi wa Kislimu hadi mwezi wa Adari, miungu ambayo Nabonidus aliikusanya Babeli kutoka miji mingine ikarudishwa kila mmoja kwao. Mgeni aliiheshimu madhabahu ambayo mwenyeji aliichezea. Watu walitakiwa wafanye nini, wafie ukutani kwa ajili ya mtu aliyewaambia kuwa hawajui kusali?

MTETEZI WA MFALME: Mwenzangu anakipenda kibao cha matukio tangu mstari wa Sippar kwenda chini, na mstari wa juu yake haugusi. Kabla ya Ugbaru kuingia Babeli palikuwa na vita Upi, kando ya mto Hidekeli, na kibao hicho hicho chasema kwamba Koreshi aliwashinda watu wa Akadi, yaani Wababeli, akachukua nyara na kuwaua watu kwa wingi. Siku chache baadaye Sippar ikachukuliwa bila ya vita, kisha Babeli bila ya vita. Mji wa kwanza ukichinjwa, wa pili na wa tatu hufungua. Kwa hilo hahitajiki Marduk. Na kuhusu miungu aliyoikusanya, hiyo ilikuwa desturi ya kale nchini humo: adui akikaribia, sanamu huletwa penye kuta imara zisije zikatekwa. Vibao vya Uruku vinaonyesha shayiri ikipakiwa mashuani kupelekwa Babeli kwa ajili ya sadaka za Ishtar, Bibi wa Uruku, alipokuwa mgeni kule. Yule anayeitwa mharibifu wa ibada alihakikisha kwamba mungu wa Uruku hakosi chakula chake hata akiwa safarini, adui naye akiwa mlangoni.

MFANYABIASHARA: Na biashara haikulala. Nyumba ya Egibi pale Babeli ilikopesha fedha, ikanunua vitunguu na nyumba na watumwa, mikataba yake ikiandikwa mwaka wa 17 wa Nabonidus mfalme wa Babeli; kisha kabla ya mwezi wa Tashritu kumalizika makarani wa nchi walianza kuandika jina la Koreshi, na deni likabaki deni. Anayedai kuwa palikuwa na ukombozi au msiba, aniambie kwa nini riba haikubadilika.

MTETEZI WA MFALME: Riba haikubadilika, ila nyoyo zilibadilika, wala haikuchukua muda mrefu. Mwaka 522 K.K., Cambyses mwana wa Koreshi alipokufa na dola ikatikisika, Babeli iliasi. Mfalme Dario wa Uajemi ameandika habari hizo katika lugha tatu juu ya jabali la Behistun. Mtu aitwaye Nidintu-Bel alisimama akawaambia watu: mimi ni Nebukadneza, mwana wa Nabonidus. Watu wakamfuata. Dario akamshinda na kumuua. Mwaka uliofuata akasimama mwingine, Arakha, naye hakuwa hata Mbabeli, akasema vilevile: mimi ni Nebukadneza, mwana wa Nabonidus. Watu wakamfuata tena! Miaka 17 tu baada ya mlango kufunguliwa, jina la yule mzushi lilikuwa ndilo bendera ya wenye kutaka uhuru. Kama Babeli nzima ilimchukia, wadanganyifu wawili walichaguaje uwongo mmoja, na wa pili amekwisha kuona mwenziwe akiuawa kwa ajili yake?

MTETEZI WA HEKALU: Katika uwongo huo mna majina mawili, naye amelishika moja. Lililovuta watu ni Nebukadneza. Nabonidus ametajwa kwa kuwa ndiye mfalme wa mwisho, na anayedai kiti hana budi kukidai kutoka kwa mtu aliyekikalia. Mbona hakuna aliyesimama akasema, mimi ni Belshaza? Na mbona waasi hao hawakumtangaza Sin?

MTETEZI WA MFALME: Jina la Belshaza lilikuwa la mwana; la baba lilitosha. Lakini tusikwame hapo, kwa maana jambo zito linakuja. Mwaka 484 K.K. Babeli iliasi tena, mara mbili katika mwaka mmoja, dhidi ya mfalme Xerxes wa Uajemi. Baada ya mwaka huo vibao vya koo kubwa za kaskazini, zile ambazo mwenzangu amezisifu kwa haki zao za mkate na nyama, vinakoma ghafla Sippar, Borsippa na Babeli. Ukoo baada ya ukoo, kama karani aliyenyang'anywa kalamu. Hata daftari za akina Egibi hazivuki miaka ya mwanzo ya Xerxes. Wajukuu wa waliotandika matawi mabichi waliondolewa madarakani, nao hawakuondolewa na Sin wala na Nabonidus.

MTETEZI WA WAHAMISHWA: Hapa nami nitasema kitu ambacho huenda hakitawapendeza wa upande wangu. Hekalu la Yerusalemu lilimalizika mwaka wa sita wa Dario, kiasi cha mwaka 516 K.K., na gharama zilitoka katika kodi za mfalme. Lakini mfalme wa nyumba ya Daudi hakurudi. Zerubabeli, mjukuu wa yule Yekonia aliyepimiwa mafuta, atajwa kuwa liwali, kisha hatusikii tena habari zake. Tulipewa madhabahu, na kiti cha enzi kikabaki Susa. Kwa mtu aliyeishi uhamishoni miaka 50, hiyo ilikuwa biashara njema, nami naweza kumwelewa kila mtu aliyepaza sauti kwa furaha msingi ulipowekwa.

MFANYABIASHARA: Makuhani wa Babeli nao walipata bei hiyo hiyo.

MTETEZI WA HEKALU: Ndiyo, na hawakuwa na njia ya kujua kwamba itapanda. Hakuna mtu anayemkaribisha mgeni kwa kuangalia mjukuu wa mgeni huyo atakuwaje miaka 55 mbele. Walilokuwa nalo siku ile ni mfalme waliyemjua na mfalme waliyemsikia. Tena tukumbuke Misri, kiasi cha miaka 800 kabla ya hapo: Farao Akhenaten alipofunga mahekalu ya Amuni akajenga mji wake mpya kwa ajili ya mungu jua, naye alikuwa mkweli katika imani yake, labda kuliko Nabonidus, hata hivyo alipokufa mji wake ulihamwa, na jina lake likafutwa katika orodha za wafalme. Mfalme anayeifanya imani yake kuwa sheria ya dola huwa ameifunga imani hiyo na maisha yake mwenyewe, akifa inakufa, akishindwa inashindwa.

MTETEZI WA MFALME: Lakini Nabonidus alirudi! Hilo limeachwa katika mjadala wote huu, nami nililiweka makusudi. Alirudi kutoka Tema kiasi cha mwaka 543 K.K., na kibao cha matukio, shahidi wa mwenzangu, chasema kwamba katika Nisani ya mwaka wa 17, miezi sita kabla ya Babeli kuanguka, sikukuu ya Akitu ilifanywa kama ipasavyo. Nabu alikuja kutoka Borsippa, Marduk alitoka, divai ikamiminwa. Kama kosa lilikuwa kukosa kofi, basi kofi lilikwisha kupigwa. Waliofungua mlango mwezi wa Tashritu walimfungulia adui mfalme aliyekwisha kupiga magoti mbele yao mwaka huo huo. Naomba niambiwe kosa lililobaki lilikuwa lipi.

MTETEZI WA HEKALU: Lililobaki ni kwamba alipiga magoti akiwa na maandishi yake yamesimama Harani, yakimwita Sin mfalme wa miungu, na ofisa wake angali ndani ya Eanna, na binti yake angali Uru. Baada ya kupiga magoti huko aliagiza miungu ya miji mingine ipakiwe mashuani iletwe kwake. Mwenzangu asema aliilinda, na labda moyoni mwake aliilinda, lakini mtu wa Uruku aliyesimama ufukoni akiitazama sanamu ya mungu wake ikienda zake, katika mwaka ambao Waajemi wako njiani, alikuwa na miaka 10 ya kumfundisha namna ya kuifasiri safari hiyo. Namwomba na mimi anijibu. Kati ya vibao vyote vya raia wa Babeli, vya mikopo na ndoa na mirathi na barua, ambavyo ni maelfu kwa maelfu, anionyeshe kimoja ambacho mtu asiye mfalme wala mama yake amemweka Sin juu ya Marduk.

MTETEZI WA MFALME: Sina. Naye anionyeshe kimoja kilichoandikwa Upi.